Msituuzie Pepo Isiyo na Watu

Kuna neno moja naomba lipumzishwe: paradiso. Fungua tangazo lolote linalomshawishi Mtanzania aende Zanzibar likizo, utalikuta limekaa mstari wa kwanza, na pembeni yake ndugu zake wote: mchanga mweupe, maji ya buluu, machweo, utulivu, kuikimbia dunia. Mimi ni mwandishi wa habari, maneno ndiyo yanayonilisha, na nasema maneno haya yamechoka. Lakini uchovu ningeuvumilia. Nisichovumilia ni kwamba yanadanganya. Yanatuonyesha kisiwa kisicho na watu, halafu yanamfanya Mtanzania awe mgeni mahali panapozungumzwa lugha yake mwenyewe.

Mwaka huu nimeyasoma mpaka basi, kwa sababu mimi na dada yangu tunapanga safari yetu ya kwanza ya Unguja. Mimi naishi Kibaha, yeye anafundisha Kisarawe. Wote tu wakazi wa Mkoa wa Pwani, ila ukitazama ramani utacheka: Kisarawe haina hata hatua moja ya ufukwe, na Kibaha, makao makuu ya mkoa, haina pia. Sisi ni watu wa Pwani ambao pwani tunaifuata kwa daladala. Kwetu kuna mihogo, mikorosho, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na malori ya Barabara ya Morogoro yanayounguruma usiku kucha. Bahari ni nauli. Kwa hiyo tumeweka kibubu tangu mwaka jana, tukagawana kazi: dada anapigania ruhusa ya kuondoka wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, mimi natafuta pa kulala.

Hapo kwenye pa kulala ndipo hasira ilipoanzia. Nyumba moja ya wageni, kaskazini mwa Unguja, niliiandikia ujumbe kwa Kiswahili cha heshima kabisa: tuko wawili, usiku nne, chumba chenye feni kinatosha, bei ya wenyeji ni kiasi gani? Jibu likaja kwa Kiingereza, bei kwa dola, na swali juu yake: tunatokea nchi gani? Dada alicheka mpaka akatokwa na machozi. "Wajibu Kisarawe," akaniambia, "uone wataitafuta kwenye bara gani."

Sasa tufikiri pamoja. Mwaka 1928 wakoloni walipokutana Mombasa kuamua Kiswahili kipi kifundishwe shuleni Afrika Mashariki, kilichochaguliwa kuwa msingi ni Kiunguja, Kiswahili cha mjini Zanzibar. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kukisimamia. Kila mtoto wa Kisarawe ambaye dada yangu humkata alama kwa sababu ya ngeli, anapimwa kwa mizani iliyotoka kisiwa hicho. Halafu siku mwalimu huyohuyo anapobisha hodi kule mizani ilikotoka, anaitikiwa kwa Kiingereza.

Simlaumu aliyeandika jibu. Pengine naye ni mtu wa bara kama mimi, maana wafanyakazi wengi wa hoteli za kule wametoka huku, na ameambiwa wageni wote waandikiwe hivyo. Tatizo ni kwamba tangazo zima lilitungwa kwa ajili ya mtu wa mbali, anayetoka kwenye baridi, ambaye kwake kisiwa ni picha na watu wake ni mapambo ya picha. Hilo ni la huyo na pesa yake. Lakini sisi tumelichukua tangazo hilohilo, tukalitafsiri neno kwa neno, na sasa tunauziana wenyewe kwa wenyewe. Kijana wa Maili Moja anapiga picha yuko Nungwi, anaandika chini yake kwamba ameikimbia dunia. Dunia gani, jamani? Zanzibar imekuwa bandari ya dunia kabla Maili Moja haijapata jina. Huko ndiko dunia ilikokuwa ikishusha mizigo.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayetoka nje ya nchi hulazimika kununua bima maalumu ya kuingia Zanzibar, dola 44. Mtanzania haimhusu. Sheria inajua kwamba sisi si watalii wa kutoka ng'ambo. Maneno yetu ndiyo hayajui.

Kinachoniuma zaidi, na ndiyo sababu naandika hapa kwa wapenzi wa fasihi badala ya kulalamika gazetini, ni kwamba kazi ya kutuonyesha kisiwa chenye watu ilishafanyika. Imefanyika kwa Kiswahili, na vitabu vipo. Adam Shafi aliandika Kuli, riwaya ya wabeba mizigo wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Ukishaisoma, gati ile unayoshukia na begi lako haiwezi kuwa gati tu. Unajua kuna mabega yaliyochubuka pale, na kuna siku mabega hayo yaligoma. Huyohuyo akaandika Vuta N'kuvute, ambamo Yasmini, msichana aliyeozwa kwa mzee, anaikimbia ndoa hiyo, na Denge anapambana na utawala wa Mwingereza. Amil Shivji akaifanya filamu mwaka 2021. Vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo matangazo huviita vya kupotelea kwa raha, humo ni vya kujificha polisi.

Mchukue Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akawa akienda mjini kwa miguu kuuza vyungu, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri kule Bombay, kwa Kiswahili. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mtu wa Tanga, mtu wa bara kama sisi. Leo ukitafuta Fumba mtandaoni unaletewa nyumba za kununua. Hakuna ubaya kujenga nyumba. Lakini kweli kwenye hizo kurasa zote za mambo ya kufanya ukiwa Unguja, hakuna nafasi ya mstari mmoja wa kumwambia Mtanzania kwamba njia hii alipita mwanamke mwenye vyungu kichwani?

Na hilo neno lenyewe, pepo, Abdulrazak Gurnah alishalichambua. Mzaliwa huyu wa Zanzibar aliandika riwaya yake, Paradise, mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akatupatia tafsiri ya Kiswahili, Peponi. Miaka 28 kitabu kinatafuta njia ya kurudi nyumbani. Hadithi yake haifanyiki hata kisiwani, inafanyika upande wetu huu wa bara. Kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwao awe rehani ya deni la baba yake, na mahali anapofika pana bustani nzuri yenye ukuta. Hiyo ndiyo pepo ya Gurnah: uzuri wa kweli, na aliyemo ndani hayupo kwa hiari yake. Aliyeisoma atakuwa mgumu kuuziwa paradiso na tangazo.

Najua nitakachojibiwa. "Wewe naye, mtu anakwenda kupumzika, mwache apumzike. Nani anabeba riwaya ya mgomo ufukweni?" Hoja hii naiheshimu. Dada yangu husimama mbele ya darasa lililofurika kuanzia asubuhi, na akitaka kulala mchangani siku nne bila kumsemesha mtu, ni haki yake na nitamchungia viatu. Pia najua utalii unalipa ada za watoto kule, na sitaki hata chumba kimoja kikose mteja kwa ajili ya makala yangu. Ugomvi wangu ni na wanaoandika, wakiwemo wenzangu wa vyombo vya habari, wanaopelekwa kwa mwaliko siku tatu na kurudi na yaleyale: mchanga, machweo, samaki.

Mama yetu hajawahi kusoma tangazo hata moja, na anaijua safari hii kuliko waandishi hao. Tulipomwambia tunavuka kwa boti, alinyamaza, kisha akauliza kama ndege ni ghali sana. Anakumbuka tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipozama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, haijatimia hata mwaka tangu MV Spice Islander izame ikielekea Pemba, Septemba 2011. Waliokuwemo humo walikuwa watu wanaokwenda makwao, kwenye biashara, kwenye misiba. Kwa mama, bahari ile ni barabara ya watu, na barabara huwa na historia. Tutapanda boti, na yeye ameshakubali. Ila hakuna tangazo lililowahi kunipa sentensi yenye uzito kama ukimya wake ule.

Waswahili hatukuwa hivi kwenye kuandika safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo yumo Salim bin Abakari akisimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia. Theluji na mito iliyoganda alitafutia maneno humuhumu kwenye lugha yetu, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Sisi wenye simu na kamera tunashindwa kuiandika safari ya saa mbili baharini bila kuazima maneno.

Ombi langu kwa waandishi ni dogo. Mkienda, tuleteeni watu. Tuambieni mama anayeuza urojo anaamka saa ngapi na anaupikaje, dereva wa daladala ya Makunduchi anabishana na abiria kuhusu nini, mvuvi anasemaje kuhusu kipande cha pwani alichokuwa akianikia nyavu. Kosoeni, sifuni, laumuni bei. Maneno hayo yapo, tunayatumia kila siku Kibaha na Kisarawe kuelezana habari za mtaani.

Na kwa wewe unayejiandaa kwenda kwa mara ya kwanza kama sisi: nunua tiketi, kisha nunua riwaya moja ya mtu wa kule. Bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya usiku mmoja wa chumba. Mimi nimebeba Kuli, dada amechagua Vuta N'kuvute, tutabadilishana njiani. Na nyumba ile ya wageni nimeijibu kwa Kiswahili, nikauliza tena bei ya chumba chenye feni, kwa shilingi. Safari hii wamejibu, "Karibuni sana," na bei wameiandika vizuri tu.