Merikebu ya Mfalme

Mgeni afikaye Stockholm, mji wa bandari katika nchi ya Uswidi, asikose kuingia katika nyumba ya makumbusho ya Vasa, iliyofunguliwa mwaka 1990. Humo imesimama merikebu nzima ya vita, ya mbao, yenye urefu wa meta 69. Iliundwa kwa amri ya Mfalme Gustav II Adolf, ikapakiwa mizinga 64. Tarehe 10 Agosti 1628 ilitweka tanga kwa mara ya kwanza, na kabla ya kumaliza maili moja upepo uliilaza ubavu, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama. Watu wapatao 30 walikufa. Iliopolewa mwaka 1961.

Haikuzamishwa na dhoruba. Uzito wa juu ulishinda farumi. Jambo hilo lilikwisha kujulikana. Kabla ya safari, watu 30 walikimbizwa sitahani, upande hata upande, merikebu ikayumba hata jemadari akaamuru waache. Lakini mfalme, aliyekuwa vitani ng'ambo, alikuwa akihimiza, wala hakuna aliyeizuia safari. Baada ya msiba baraza lilichunguza, hakuhukumiwa mtu.

Mficha maradhi, kifo humwumbua.