Muhuri Mpya, Maswali Yale Yale

Lugha ya usimamizi imeingia katika vyuo vikuu vya Kenya ikiwa na hoja moja kuu: kwamba mabadiliko hubuniwa na wakuu wa utawala, na kwamba mhadhiri, akiachwa peke yake, hushikilia ya kale. Historia ya taaluma ya fasihi yaikanusha hoja hii.

Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hawakudai ofisi mpya wala cheo. Waliuliza ni fasihi ipi iwe kitovu cha masomo ya Mwafrika, na fasihi simulizi ipewe nafasi gani. Baada ya mjadala mkali, Idara ya Fasihi ilizaliwa. Jina lilibadilika kwa sababu swali lilikuwa limebadilika kwanza.

Mashariki mwa Mlima Kenya mambo yalianzia upande wa pili. Chuka kilikuwa chuo kishiriki cha Egerton mwaka 2007; Chuo cha Teknolojia cha Meru kikawekwa chini ya Jomo Kenyatta mwaka 2008; Embu, mahali palipofunzwa maofisa wa kilimo, pakawa na chuo kishiriki cha Nairobi mwaka 2011. Viwili vya kwanza vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2013, cha tatu mwaka 2016. Haya si mafanikio madogo: kijana wa Tharaka au Mbeere amesogezewa elimu ya juu karibu na kwao. Lakini chuo kishiriki husomesha kwa shahada ya chuo mama, na aghalabu hurithi mitaala yake. Hati ya uhuru humpa mrithi haki ya kuuliza upya, haimwulizii.

Ajabu ni kwamba wenyeji wa huko walikuwa na nadharia yao ya mabadiliko. Ntuiko ya Wameru iliwahusu Kiruka na Ntiba. Nduiko ya Waembu iliwahusu Nyangi na Kimanthi. Rika moja lilikabidhi madaraka kwa jingine hadharani, kwa kanuni zilizofahamika na pande zote mbili. Yamkini mtetezi wa usimamizi atapinga kwamba utaratibu huo ulikuwa wa wanaume, na kwamba chuo si baraza la wazee. Pingamizi hilo ni la haki, ila halivunji hoja. Kinachofaa kuigwa si tambiko, bali msingi wake: mabadiliko hukabidhiwa wale watakaoyabeba, nao huyajua kabla hayajawafikia.

Wala malighafi haikosekani. Ciarunji Chesaina alichapisha utafiti wake wa fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere mwaka 1997, miaka mingi kabla ya Embu kuwa na chuo kikuu. Kitabu kilitangulia chuo. Chuo kisichokiweka kitabu kama hicho katikati ya mtaala wake kimebadilisha muhuri tu.

Basi kila urekebishaji uanzie idarani, kwa swali la nini kisomwe na kwa lugha gani. Utawala uje baadaye, kuhudumia jibu. Mpangilio ukigeuzwa, mhadhiri atakayeukataa hatakuwa amepinga mabadiliko; atakuwa ameyadai.