Mombasa na Ghuba: Kinachorefusha safari ni kungoja

MJADALA kuhusu kuruhusu mashirika zaidi ya kigeni kutua Mombasa huzuka kila wenye hoteli wa Pwani wanapolalamikia uhaba wa wageni. Lakini kuna kundi ambalo sauti yake husikika kwa nadra: wakazi wa Kisiwa cha Mombasa, hasa wa Mji wa Kale, wenye jamaa Oman, Imarati na Saudia. Kwao, safari hiyo ni ya kazi, Umra, harusi au msiba.

Tuanze na hesabu. Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Moi hadi Muscat, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 3,680. Dubai iko karibu umbali uo huo, na ndege hufika huko kwa muda wa saa tano hivi. Anayelazimika kupitia Nairobi huruka kwanza kilomita 425 kuelekea bara, kisha zipatazo 3,610 hadi Muscat. Nyongeza yake haifiki asilimia 10 ya umbali wote, yaani takriban nusu saa angani.

Kwa nini basi safari hiyo humla mtu siku nzima? Msafiri hutoka nyumbani mapema akihofia msongamano wa Makupa na Changamwe. Hupanga foleni ya ukaguzi Mombasa, akapanga nyingine Nairobi, kisha akaketi kungoja ndege ya pili. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri.

Zamani majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale, karibu na Ngome ya Yesu, yaliletwa na kaskazi kutoka Arabuni na kurudishwa na kusi. Nahodha hakuwa na hiari ila kungoja majira. Abiria wa leo hungoja ratiba, na ratiba hupangwa na binadamu.

Haki za kutua hutokana na makubaliano baina ya serikali, chini ya mfumo uliojengwa na Mkataba wa Chicago wa 1944. Hapo ndipo penye mvutano. Serikali ya Kenya ina hisa za asilimia 48.9 katika Kenya Airways, ambayo kitovu chake ni Nairobi. Kila abiria wa Pwani anayepanda ndege ya kigeni moja kwa moja ni abiria aliyepotea kwa shirika hilo. Hofu hiyo si ya bure, kwani shirika hilo limepata hasara kwa miaka mingi.

Hata hivyo, mashirika yenyewe yameliona soko. Qatar Airways ilianza kutua Mombasa Desemba 2018. Kenya Airways ilizindua safari ya moja kwa moja ya Dubai Desemba 2021, nayo flydubai ikafuata Januari 2024, ikianza na safari nne kwa wiki.

Safari nne humtosha mtalii aliyepanga likizo yake miezi kadhaa kabla. Hazimtoshi aliyepigiwa simu usiku kuwa mzazi wake amefariki. Maziko hayatamngoja, akikosa ndege ya kesho yake, huenda hata matanga asiyawahi.

Serikali inapopima faida na hasara za kufungua anga, haitoshi kuhesabu vitanda vya hoteli na hisa za shirika. Iweke kwenye mizani pia saa za raia wake.