Taa za Nyuma za Gari

Dada mmoja, msomaji wetu, atueleza kuwa tangu zitiwe balbu za LED nyuma ya gari lao, indiketa zapepesa mbio mbio, na usiku akikanyaga breki mwanga hauzidi. La indiketa halitishi. Balbu ya zamani ya wati 21 hula karibu ampea 1.75, LED hula kidogo mno, basi gari hudhani balbu imeungua. Dawa yake ni rilei ifaayo LED.

La breki ndilo lililotushughulisha, kwani amfuataye hatajua kuwa anasimama, na watoto wamekaa kiti cha nyuma. Irudishwe kwanza balbu ya zamani. Ikizidi mwanga, basi ila ni ya LED, haitofautishi taa ya usiku na ya breki. Aidaiwe dukani nyengine. Isipozidi, utazamwe waya wa ardhi na soketi. Huku kwetu pwani chumvi huila shaba ikawa kijani (nasi yalitufika, tukailaumu balbu bure). Isuguliwe kwa msasa mpaka ing'are. Kisha mmoja akanyage breki, mwengine asimame nyuma atazame, kabla gari halijatoka uani.