KODI YA MWUZAJI MDOGO: TUJUE HESABU YAKE



Kila mwaka serkali inapeleka bajeti mbele ya Baraza la Taifa huko Kinshasa. Katiba ya 2006 imeweka tarehe 15 Septemba kuwa mwisho wa kuileta, na kikao cha bajeti kinafungwa tarehe 15 Desemba. Miezi mitatu madepite wanazungumza juu ya pesa zetu. Na sisi? Wengi tunasema: «Hayo ni mambo ya wakubwa.» Halafu mtoza kodi anafika dukani, na hatujui tunadaiwa nini.

Sisi tunasema: haya ni mambo ya mama anayeuza unga sokoni Lubumbashi, ya fundi cherehani wa Kolwezi, na ya mfanyakazi wa mine kule Likasi ambaye bibi yake ana duka dogo mlangoni mwa nyumba.

Sheria ya Februari 2013 iliwagawanya wauzaji wadogo mafungu mawili. Yule ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayapiti franka 10,000,000 alipangiwa kodi ya franka 50,000 kwa mwaka. Yule anayepita hapo lakini hafiki 80,000,000 alipangiwa franka 1 katika kila 100 akiuza vitu, na franka 2 katika kila 100 akifanya kazi ya mikono, kama kinyozi au fundi.

Mwangalie vizuri: kwa sheria hiyo fungu hili la pili lilihesabiwa juu ya mauzo, si juu ya faida. Mwenye duka aliyeuza kwa 20,000,000 alidaiwa 200,000. Kama vitu vyenyewe vilimgharimu 19,000,000, faida yake ilikuwa 1,000,000 tu, na kodi ilikula sehemu moja katika tano.

Tena kuna TVA, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012, franka 16 juu ya kila 100. Kwa sheria ile ya 2013, mwuzaji mdogo haitozi wala haiandiki juu ya karatasi ya mauzo. Lakini anailipa anaponunua kwa tajiri mkubwa, na hairudishiwi. Basi inaingia ndani ya bei, na anayeibeba mwishoni ni mfanyakazi anayenunua sabuni na sukari.

Jambo la tatu halionekani upesi. Mipaka ya mafungu imeandikwa kwa franka, na franka inashuka. Mwaka 2013 franka 10,000,000 zilipita dola 10,000. Mwaka 2024 zilikuwa karibu dola 3,500 tu. Mtu anaweza kupandishwa fungu bila kuuza hata kilo moja zaidi ya zamani. Kwa hiyo bajeti ikiletwa, tusiulize tu kama kodi imeongezwa. Tuulize pia: mipaka imefuata franka, ao imebaki nyuma?

Tufanye nini basi? Kwanza, tuandike mauzo ya kila siku. Asiye na daftari atakadiriwa na mtoza kodi, na makadirio ya mwingine hayamhurumii mtu. Pili, tusome sheria ya fedha ya kila mwaka mpya, kwa maana inaweza kugeuza hesabu hizi. Tatu, tusimpe mtu pesa mkononi bila karatasi yenye muhuri. Katiba, kifungu cha 174, inasema kwamba hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba kulipa ni wajibu wa kila mkaaji wa nchi. Maneno hayo mawili yanakwenda pamoja: tulipe iliyo haki, tukatae isiyo na sheria.

Nne, depite aliyekuja kuomba kura zetu arudi atueleze alivyopiga yake.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli kwa duka, na ni kweli kwa nchi.