Theresa Musoke bado anatudai ukuta

Kuta za shule za chekechea Mbuya, kama kwingineko Kampala, hazikosi picha: herufi, matunda na katuni za Marekani. Mtoto anamtambua Mickey Mouse kabla hajajua kusoma. Mchoraji Theresa Musoke hatajwi, ingawa ukuta alioupamba uko ng'ambo tu ya jiji, kilimani, katika Chuo Kikuu cha Makerere.

Umo ndani ya Mary Stuart, bweni la wanawake ambalo wanafunzi wanaliita Box. Musoke aliuchora miaka ya 1960, angali kijana, na mada yake ilikuwa uzazi na uhai mpya. Si jambo dogo. Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Mwingereza Margaret Trowell mwaka 1937, ilikuwa bado ya wanaume kwa sehemu kubwa, na binti huyu akajaza ukuta kwa jambo ambalo wanaume wale wasingeweza kulisimulia kwa miili yao.

Hakuwa mwanamke wa kwanza kusoma hapo. Mkenya Rosemary Karuga alipita hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akamezwa na ualimu na malezi. Jina lake lilivuma uzeeni, alipoanza kubandika vipande vya karatasi za sabuni na kuvigeuza picha. Musoke hakuweka brashi chini. Alikwenda London, Royal College of Art, kisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Halafu Idi Amin akatwaa madaraka Uganda, na Musoke akahamia Kenya. Aliishi huko zaidi ya miaka ishirini, akifundisha na kuchora, hadi aliporudi nyumbani mwaka 1997.

Wapo wanaozibeza picha zake za wanyama kuwa ni bidhaa za watalii. Hao hawajazitazama sawasawa. Mgongo wa mnyama mmoja unazama kwenye shingo ya mwingine, rangi inachuruzika, na mtazamaji anahangaika kujua kundi linaanzia wapi. Mtalii anayetaka simba wa kadi ya posta hatampata hapo.

Kwa nini basi kazi hiyo ya Box ibaki ya wakazi wa bweni? Makerere inaweza kuwafungulia watoto wa shule mlango walau siku moja kila muhula, mwalimu na mlinzi wakiwepo. Na Nommo, jumba la sanaa la taifa lililoanzishwa 1964 na lililoko Nakasero, limtengee Musoke chumba cha kudumu, si maonyesho ya wiki mbili yenye hotuba na soda.