KIPAKATALISHI NACHO HUSEMA UONGO

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi sina ubishi na wahenga, ila nadhani waliponena hayo hawakuwa wamewahi kuona kipakatalishi. Muhula uliopita kipakatalishi kiliniambia jambo ambalo halikuwapo wala halikuja. Nikakiamini, na kwa kukiamini nikamdhulumu ndugu yangu wa tumbo moja.

Mambo yalikuwa hivi. Chama chetu kilinipa kazi ya kupiga chapa baadhi ya kazi za gazeti hili na kuzituma kwa mwalimu mlezi kabla ya Ijumaa jioni. Sisi wanafunzi wa kutwa tukishafika nyumbani hatuna chumba cha tarakilishi, kwa hivyo nikaazima kipakatalishi cha mjomba. Jumatano jioni mama, ambaye huuza mboga stejini, akanipa shilingi 50. Nikanunua bando kwa simu yake, nikaunganisha kipakatalishi na simu hiyo, nikafungua programu ya barua pepe. Ikaniambia: hakuna intaneti. Nikatupa jicho pale chini pembeni, nikaona kile kialama cha dunia kimewekewa alama ya kukatazwa.

Sikufikiri mara mbili. Ndugu yangu mdogo, aliye gredi ya nne, ndiye aliyekuwa ameshika simu kabla yangu. "Wewe! Umemaliza bando yote na katuni zako!" Akaapa kwa Mungu kwamba hakuifungua hata katuni moja. Nani angemsikiza? Mashine imesema, na mashine haina sababu ya kumsingizia mtoto. Mama alipotokea jikoni na kukuta zile kelele, alimwadhibu.

Kesho yake nikachukua nauli yangu ya matatu, nikanunua bando nyingine, nikaenda shule kwa miguu na kufika nimechelewa. Jioni, jibu ni lile lile. Ijumaa ikapita. Mashairi mawili ya wenzetu wa kidato cha kwanza hayakufika kwa mchapishaji kwa wakati, ndiyo maana hamtayaona humu. Mnisamehe, enyi wenzangu.

Jumamosi, kwa kukata tamaa tu, nikafungua kivinjari kwenye kipakatalishi kile kile. Lo! Gazeti la siku hiyo likafunguka, na picha zake zote! Nikabaki kinywa wazi. Ikiwa hakuna intaneti, hizi habari zimetoka wapi? Nikaangalia salio kwenye simu. Bando ilikuwapo tele. Mtoto hakuwa amegusa kitu.

Nikakipeleka kwa fundi mmoja pale sokoni. Kabla hata hajakiwasha, akanitajia bei ya kubadilisha kadi ya Wi-Fi. Nikamshukuru, nikaondoka. Jumatatu nikamwendea mwalimu wetu wa somo la Kompyuta, naye akanifumbua macho.

Kumbe programu nyingi haziendi zenyewe kutazama kama intaneti ipo. Huuliza mfumo wa tarakilishi, na zikiambiwa haipo, hukaa kitako. Na mfumo wenyewe huijuaje? Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka wa 2007, Windows hufanya jaribio dogo kila inapounganishwa. Siku hizi hutuma ombi kwa anwani ya www.msftconnecttest.com na kutafuta faili iitwayo connecttest.txt. Ndani yake mna maneno matatu tu: "Microsoft Connect Test". Maneno hayo yakirudi, mfumo husema intaneti ipo. Yasiporudi, husema haipo. Ni kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba moja, akakosa jibu, akarudi kutangaza kwamba kijiji kizima kimehama.

Mwalimu akaiandika anwani hiyo kwenye kivinjari. Haikufunguka, ilhali nyingine zote zilifunguka. Hapo ndipo mwizi aliposhikwa. Mjomba alikuwa ameweka programu fulani ya kuzuia tarakilishi isile bando kisirisiri. Programu hiyo ilikuwa imefunga anwani nyingi za Microsoft, na hii ya jaribio ikiwa mojawapo. Yaani programu ya kuokoa bando ndiyo iliyonitia hasara ya bando! Mwalimu akaondoa kizuizi hicho, akawasha mashine upya, na barua pepe zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Hatukulipa hata peni.

Wengine mtasema, "Hayo ni makosa ya mjomba wako, mashine haina hatia." La hasha! Mnamo Machi 2020, wakati shule zetu zimefungwa kwa sababu ya korona, Microsoft wenyewe walikiri kwamba tarakilishi za Windows 10 zilizotumia seva ya wakala, hasa zile za VPN, zingeweza kuonyesha kuwa hakuna intaneti ilhali ipo. Hata programu za kazi kama Outlook na Teams ziliathirika. Dawa yake waliitoa tarehe 30 mwezi huo huo. Ikiwa watengenezaji wenyewe hukiri, sisi ni nani tuichukue kauli ya mashine kama hukumu ya mahakama?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, programu ziseme zinachokijua tu. "Nimeshindwa kufika ninakotaka" ni kauli ya kweli. "Hakuna intaneti" ni kauli kubwa kuliko ushahidi wake, na kauli ya namna hiyo humtia mtu hatiani. Mtoto wa gredi ya nne aliadhibiwa kwa sababu yake.

Pili, sisi watumiaji tujifunze kutafuta shahidi wa pili. Programu ikikwambia hakuna intaneti, usikimbilie kununua bando wala kumshika mtu shati. Angalia salio. Fungua kivinjari, ujaribu tovuti mbili tatu. Zikifunguka, basi intaneti ipo na shida iko kwenye tarakilishi au kwenye ile programu. Zima VPN kama ipo. Tazama kama kuna seva ya wakala iliyoachwa kwenye mipangilio, maana vipakatalishi vya ofisini huwa nayo. Tazama pia tarehe na saa, kwani saa ikipotea mbali, tovuti na programu hukataa kuaminiana. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba au hoteli, huenda kuna ukurasa unaokungoja uingie kwanza. Mwisho, zima uwashe. Na kama una haraka, tuma kazi yako kwa kivinjari. Mimi ningalifanya hivyo Alhamisi, mashairi yale yangalikuwa humu leo.

Tatu, naomba walimu wetu watufunze kutafuta kosa. Tunajua kutaja sehemu za tarakilishi kama kasuku, lakini ikikwama tunatazamana. Kipindi kimoja kwa muhula cha kuvuruga mashine makusudi na kuitengeneza kingetufaa kuliko kurasa kumi za kukariri. Najua watu watasema vipindi havitoshi na mashine ni chache. Ni kweli. Lakini mashine moja iliyovurugwa yaweza kufunza darasa zima. Asiyejua kutafuta kosa hulipa mara mbili, na sisi watoto wa mama mboga hatuna cha kulipa mara mbili.

Nilipotoka kwa mwalimu siku ile nilienda nyumbani moja kwa moja. Nikamwita ndugu yangu mbele ya mama, nikamwambia, "Hukula bando. Mimi ndiye niliyekosa." Akanitazama, akauliza, "Kwa nini uliamini kompyuta ukaacha kuniamini mimi?" Sikuwa na jibu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akamvuta kijana karibu naye.

Majuto ni mjukuu. Wangu nimeshamwona, ninyi msingoje wenu. Kwaherini.